Mwisho wa Baridi: Kutoka Mabwawa ya Ixelles Hadi Tervuren



Kila tunapopiga simu nyumbani katika miezi hii huulizwa, "Baridi vipi huko?" Nasi hujibu, "Ipo," kisha tukahamia habari za watoto, ada za shule na bei ya unga. Jibu hilo ni fupi mno. Baridi ya Desemba ina giza lake, na ya Januari ina ukali wake. Hii ya mwishoni, inayoanza katikati ya Februari na kuburuta miguu hadi Machi iishe, ina tabia yake ambayo aghalabu hatuitaji. Ni wakati ambao jua limekwisha kurudi lakini joto halijarudi pamoja nalo. Mtu huchungulia dirishani akaona mwanga, akavaa koti jepesi, na kabla hajafika kwenye kituo cha tramu amekwisha kujuta. Ni wakati pia ambao mwili umechoka, bili ya kupashia nyumba joto imewasili, na wale waliokuwa wakituulizia hali mwezi wa Desemba wameacha kuuliza, kwa kudhani kuwa shida imepita.

Katika makala haya twapenda kuwachukua wasomaji katika safari ya nusu siku, kutoka mabwawa ya Ixelles hadi mabwawa ya Tervuren, safari ambayo familia yoyote yaweza kuifanya kwa tramu mbili. Njiani tutaitazama baridi hii ya mwisho, na tutakapofika tutasema inatudai nini.

MAJI YA KIFUU

Sisi tuliolelewa kando ya Ziwa Tanganyika, ikiwa ni Uvira, Bujumbura, Kigoma au Kalemie, tukionyeshwa mabwawa mawili ya Ixelles huwa twatabasamu. Ziwa letu lina urefu upatao kilomita 670, na kina chake chafika mita 1,470. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kina. Mabwawa haya mzee mwenye mkongojo huyazunguka yote mawili baina ya Alasiri na Magharibi, tena akabakiwa na muda wa kupumzika juu ya benchi. Lakini waliotutangulia walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwa mtoto aliyezaliwa katika ghorofa za Brussels, bahari yake ya kwanza ni hii.

Mabwawa hayo ni ya kale. Yamo katika bonde la kijito kiitwacho Maelbeek, jina lenye maana ya kijito cha vinu. Kwenye mwanzo wa bonde ilianzishwa mwaka 1201 Abasia ya La Cambre, nyumba ya watawa wa kike, ambayo majengo yake yangalipo hadi leo. Zamani mabwawa yalikuwa mengi kuliko haya mawili. Lile kubwa la upande wa chini lilikaushwa katika karne ya 19, na mahali pake pakawa uwanja unaoitwa leo Flagey, kwa jina la aliyekuwa meya wa Ixelles. Hata hivyo, maji hayasahau njia yake. Mvua kubwa ziliponyesha, bonde lilifurika hadi ndani ya nyumba za watu, na mwanzoni mwa karne hii ya 21 ikabidi lichimbwe chini ya uwanja tangi la kupokea maji ya dhoruba, lenye nafasi ya mita za ujazo zipatazo 33,000. Watoto wanaopanda baiskeli juu ya uwanja ule hawajui kwamba wanaendesha juu ya ziwa.

Mbele ya uwanja limesimama jengo la matofali ya manjano lenye mnara, lililojengwa baina ya 1935 na 1938 kwa ajili ya redio ya taifa. Wenyeji hulifananisha na meli. Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, upande wa Porte de Namur, ni mtaa wa Matonge, uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa, ambako Lingala husikika zaidi kuliko Kiswahili, lakini mwenye sikio la makini hakosi kukisikia Kiswahili cha Bukavu au cha Lubumbashi mbele ya duka la mihogo na samaki wakavu.

Asubuhi za mwisho wa Februari, kando ya mabwawa haya, huwapo kelele ambayo mgeni wa mwaka wa kwanza haitarajii. Ni kelele ya kasuku. Ni wale wadogo wa kijani wenye mkia mrefu, ambao asili yao ni Afrika na Asia ya Kusini. Mwaka 1974 bustani moja ya burudani huko Heysel iliwafungulia kasuku wapatao arubaini. Leo wamekuwa maelfu, na wamestahimili kila baridi iliyopita tangu hapo. Majini wapo mabata bukini wa Misri, wale wale wanaoonekana katika maziwa ya Naivasha na Manyara. Tukiwatazama vizuri twaona kwamba kasuku hawaishi kwa manyoya peke yake. Jioni hukusanyika kwa mamia wakalala pamoja katika miti ile ile, na wanajua mji huu una chakula wapi. Atakaye kuishi katika baridi ambayo hakuzaliwa nayo huhitaji mambo mawili hayo: wenzake, na elimu ya mahali.

SAA ZETU NA JUA LA HAPA

Kiswahili chetu kilizaliwa karibu na ikweta, na saa zake ni ushahidi. Tunaposema saa moja ya asubuhi, maana yake ni kwamba jua limechomoza yapata saa moja iliyopita. Hesabu hiyo ni sahihi Bujumbura, na ni sahihi Mombasa na Zanzibar, kwa sababu huko tofauti baina ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na ule mfupi kabisa haifiki saa moja. Hapa Brussels hesabu huvunjika. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa tatu kasoro dakika 18 za asubuhi, likatua saa kumi na dakika 38 za alasiri. Mchana wote haufiki saa nane. Mtoto hufika shuleni gizani, na mama afanyaye kazi ya usafi maofisini huondoka nyumbani gizani na kurudi gizani.

Kisha mambo hubadilika kimyakimya. Katika mwezi wa Februari peke yake mchana huongezeka kwa zaidi ya saa moja na nusu, yaani dakika tatu na nusu hivi kila siku. Ifikapo tarehe 20 au 21 Machi usiku na mchana hukaribia kulingana, na kwa siku chache hizo Brussels na Bujumbura hugawana jua kwa kipimo kimoja. Halafu, Jumapili ya mwisho ya Machi, serikali husogeza saa mbele kwa saa moja, na hesabu yetu huvurugika upya.

Mwenye kuswali hulihisi badiliko hili kabla ya wengine. Mwezi wa Desemba Adhuhuri, Alasiri na Magharibi husongamana katika mchana mmoja wa kazi, hata mtu akimaliza moja huitazama saa kwa ajili ya ya pili. Baridi ikielekea mwisho, sala huanza kuachiana nafasi. Ramadhani ya mwaka 2025 ilituonyesha jambo hili wazi. Ilianza hapa tarehe 1 Machi, na siku hiyo tulifuturu yapata saa kumi na mbili na nusu za jioni. Tarehe 29 jua lilitua baada ya saa moja, na kesho yake, tarehe 30, saa zikasogezwa mbele, Magharibi ikaingia baada ya saa mbili. Mwezi mmoja uliingia katika majira mengine na kutokea katika majira mengine.

Mara ya mwisho Ramadhani kuanza mapema Machi ilikuwa mwaka 1992. Mwaka wa mwezi mwandamo ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo mwezi wa funga huzunguka majira yote na kurudi mahali pake baada ya miaka ipatayo 33. Waliofunga hapa mwaka 1992 wakiwa vijana, mwaka 2025 walikuwa wazee. Na baina ya hapo walipita katika funga za Juni, kama ile ya mwaka 2015, ambazo zilizidi saa kumi na nane. Kutoka sasa Ramadhani inarudi nyuma kuelekea giza la Desemba, na kwa hesabu ya falaki mwaka 2030 utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, mmoja Januari na mmoja mwisho wa Desemba.

Hesabu za namna hii si ngeni kwa watu wetu. Wazee wa pwani walikuwa na kalenda mbili, ya mwezi kwa ibada, na ya jua kwa kilimo na safari. Ile ya jua ilianza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo hata leo huadhimishwa Makunduchi, na siku zake zilihesabiwa kwa makumi, kila kumi likaitwa mwongo. Walijua mwongo upi mvua huanza, na upi upepo hugeuka. Kwenye Tanganyika wavuvi wa dagaa nao huhesabu siku za giza la mwezi, kwa kuwa dagaa hufuata taa usiku usiokuwa na mbalamwezi. Hakuna aliyewafundisha mambo hayo darasani. Waliyaona mwaka hadi mwaka, wakawaambia watoto wao. Nasi tuliohamia huku tunawajibika kuanza hesabu hiyo upya, kwa sababu watoto wetu hawatarithi miongo ya Makunduchi wala giza la mwezi la Uvira. Watairithi baridi ya Brussels, tuwafundishe au tusiwafundishe.

PEPO MBILI NA BARAFU

Tuanze basi na upepo. Waliosafiri kwa majahazi walijua kaskazi na kusi. Mji huu nao una pepo mbili za kuzijua. Ule wa kusini-magharibi hutoka Bahari ya Atlantiki, huja na mawingu na mvua nyembamba isiyokwisha, lakini si mkali. Ule wa mashariki na kaskazini-mashariki hutoka bara, ni mkavu, husafisha anga likawa la buluu, na ndio unaogandisha maji. Kwa hiyo mwisho wa baridi anga safi si habari njema daima. Siku ya mawingu yaweza kuwa ya nyuzi nane, na siku ya jua kali ikawa chini ya sifuri. Huko Uccle, kusini ya mji, Taasisi ya Kifalme ya Hali ya Hewa hupima mambo haya kila siku, na vipimo vyake huonyesha kwamba wastani wa Februari ni nyuzi 4 hivi na wa Machi ni nyuzi 7. Lakini wastani huficha mengi. Februari 2012 na Februari 2021 ule upepo wa bara ulishika siku nyingi mfululizo, mabwawa yakaganda.

Bwawa likiganda mtoto huuliza maswali, na ni vema mzazi awe na jibu kwa Kiswahili. Maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi, hupanda juu na kuganda huko huko juu; ndiyo maana barafu huelea, na ndiyo maana samaki hubaki hai chini yake. Lau ingalikuwa kinyume, maji yangaliganda kuanzia chini na bwawa zima lingalikufa kila mwaka. Mwisho wa baridi barafu hiyo ni ya kuogopwa zaidi kuliko ya Januari, kwa sababu jua huila mchana na usiku ikaganda tena juu juu tu; yaonekana nzima ilhali imeoza. Mtoto asiikanyage asilani maadamu manispaa haijatangaza kwamba yaruhusiwa.

Tuwape watoto na maneno yake. Walimu wao huwafundisha majina ya baridi kwa Kifaransa na Kiholanzi, nao hudhani Kiswahili hakina kitu zaidi ya "baridi." Kinacho. Theluji tuliipokea kutoka Kiarabu, na barafu kutoka Kiajemi, ambako maana yake ilikuwa ni theluji hasa. Ule weupe mwembamba unaolala juu ya majani na vioo vya magari alfajiri huitwa jalidi, na wengine husema sakitu. Kuna umande, kuna ukungu, kuna kipupwe. Mkono ulioshika chuma asubuhi huzizima. Mtoto mwenye maneno hayo aweza kumsimulia bibi yake kwenye simu hali ya mji anaoishi, na bibi akaelewa.

KWA TRAMU HADI TERVUREN

Pale Flagey twapanda tramu nambari 81 kuelekea Montgomery. Karibu na mwisho wa njia yake hupita jirani na bustani ya Cinquantenaire, ambayo kwenye pembe yake ya mbali umo Msikiti Mkuu. Jengo lake lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 liwe banda la maonyesho, na ndani yake palikuwa na picha kubwa mno ya mji wa Cairo. Mwaka 1967 Mfalme Baudouin alilikabidhi kwa Mfalme Faisal wa Saudi Arabia, na mwaka 1978 likafunguliwa kuwa msikiti, miaka minne baada ya Ubelgiji kuutambua Uislamu kisheria. Waswahili wa mji huu, waliotoka Buyenzi ya Bujumbura, Kasongo ya Maniema, Nyamirambo ya Kigali na miji ya pwani, wengi wao husali leo katika misikiti midogo ya mitaani mwao.

Montgomery twabadili tramu, twapanda nambari 44. Hii ni njia nzuri kuliko zote za mji. Inafuata barabara pana ya Tervuren iliyofunguliwa mwaka 1897, inapita mabwawa ya Woluwe, kisha inaingia katika msitu wa Soignes. Msitu huo una zaidi ya hekta 4,000, na tangu mwaka 2017 sehemu zake zimo katika orodha ya urithi wa dunia. Mwisho wa Februari miti ya mibuki ingali mitupu, mashina yake laini kama yaliyopigwa lipu, na majani ya mwaka jana yamelala chini kama zulia lililofifia. Lakini mwenye kutazama chini ataona maua madogo meupe yaliyotoboa majani hayo, na kwenye bustani maua ya krokasi ya zambarau. Waholanzi na Waflandria huliita pumziko la shule la wakati huu kwa jina la ua hilo. Usiku wa mvua ya vuguvugu vyura hutoka msituni kwenda mabwawani kutaga, na upande wa Boitsfort wapo wakazi wanaojitolea kuwavusha barabara wakiwa wamewatia ndooni wasikanyagwe na magari. Wapo watu wanaokesha kwa ajili ya chura. Tulikumbuke hilo tunapoendelea.

Mwisho wa njia ni Tervuren, mji mdogo wenye bustani kubwa ya mabwawa na, mbele yake, jumba la makumbusho ya Afrika lililofunguliwa mwaka 1910 na kufunguliwa upya Desemba 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Wengi wetu tumelitembelea. Wachache ndio waliokwenda hatua chache zaidi hadi kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana, ambako kando ya ukuta yapo makaburi saba yaliyopangwa kwa mstari.

Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili, aliyeimiliki Kongo kama mali yake mwenyewe, aliandaa maonyesho ya kuusifia utawala wake. Watu 267 waliletwa kutoka Kongo. Kando ya mabwawa haya haya ya Tervuren vikajengwa vijiji vya mfano, na watu hao wakawekwa humo, wapike, wapige makasia na kucheza ngoma huku wakitazamwa kutoka nyuma ya uzio. Waliokuja kuwatazama walizidi milioni moja. Majira yalikuwa ni ya kiangazi, lakini kiangazi kile kilikuwa na mvua na baridi. Saba kati yao waliugua na kufa. Majina yao yamehifadhiwa. Miongoni mwao ni Ekia, Kitukwa na Mibange. Hawakuzikwa kwanza pamoja na watu wengine wa mji, bali katika sehemu iliyotengwa, na baadaye sana ndipo wakaletwa hapa karibu na kanisa.

Ukisimama mbele ya mawe yale mwisho wa baridi, upepo wa mashariki ukipita juu ya mabwawa, ni rahisi kusema kwamba waliuawa na hali ya hewa. Sisi hatukubali. Kiangazi kile kile kiliwapitia Wabelgiji wa Tervuren, wao na watoto wao, wakiwa na nyumba zao, nguo zao, moto wao, na jirani wa kuwagongea mlango. Kilichowakosa wale saba kilikuwa ni hicho. Kiswahili kina neno moja, kuangalia, ambalo lina maana mbili. Watu milioni moja waliwaangalia kwa macho. Wa kuwaangalia kwa maana ya pili, yaani kuwatunza, hakuonekana, au alichelewa.

TUANGALIANE

Mambo ya 1897 yamepita, na hali yetu si ile; tunazo hati, tunazo bima za afya, tunao watoto waliosoma. Lakini neno lile lenye maana mbili lingali likituhusu. Wataalamu wa afya wamekwisha kuonyesha mara nyingi kwamba vifo huongezeka katika miezi ya baridi, hasa kwa wazee na wenye maradhi ya moyo na kifua. Na katika jumuiya yetu wapo wazee, wanawake kwa wanaume, wanaoishi peke yao katika ghorofa ya nne isiyo na lifti, ambao huonekana kwenye sala za Idi na harusini, wakasalimiwa kwa heshima, "Shikamoo mama," "Shikamoo mzee," kisha hakuna ajuaye kama chumba chao kina joto. Tunawaona. Je, tunawaangalia?

Kwa hiyo twapendekeza mambo machache, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, nyumba. Wengi wetu huziba kila tundu baridi isiingie, hata kuta zikatoka jasho na kuota kuvu nyeusi, na watoto wakaanza kukohoa. Fungueni madirisha dakika kumi kila asubuhi, hata kama nje kuna jalidi; hewa kavu hupashika joto upesi kuliko hewa yenye unyevu. Na asithubutu mtu kuwasha ndani ya nyumba jiko la mkaa, lile ambalo wengine wetu huliita mbabula, wala kutumia jiko la kuokea kuwa hita. Mkaa, na hita ya gesi isiyosafishwa, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hulaza watu usingizi wasiamke. Mtu akiumwa kichwa na kichefuchefu ndani ya nyumba na akapata nafuu akitoka nje, fungueni madirisha, tokeni wote, na mpige simu nambari 112. Kwa ushauri wa sumu kuna kituo cha taifa, nambari 070 245 245, kinachojibu usiku na mchana.

Pili, zamu. Kila mtaa uwe na orodha ya wazee wake, na kila mzee awe na watu wawili waliopewa jina lake, wa kumpigia simu au kumgongea mlango mara mbili kwa wiki mpaka Machi iishe. Anayegonga asiishie mlangoni. Aingie, aketi, anywe chai, ausikie ubaridi wa chumba kwa mwili wake mwenyewe. Mzee wetu akiulizwa kama ana shida atajibu "Alhamdulillahi" hata kama hita imezimwa wiki nzima kwa kuogopa bili. Jibu la kweli litatoka kwenye chumba. Ikionekana kuna tatizo la malipo, kila moja ya manispaa 19 za Brussels ina ofisi ya ustawi wa jamii, iitwayo CPAS, na mwenye lugha amsindikize asiye na lugha.

Tatu, watoto. Shule za Kifaransa hupumzika wiki mbili wakati huu, na za Kiholanzi wiki moja. Badala ya kuwaacha siku zote mbele ya simu zao, wapewe kazi ya kumtembeza mzee mmoja kuzunguka mabwawa ya Ixelles, au yaliyo karibu nao, ikiwa barabara haina barafu. Mzee atapata jua, na mtoto atapata maneno. Amwonyeshe mzee kasuku. Mzee amwambie dagaa huvuliwaje gizani. Siku nyingine waende pamoja hadi Tervuren, wasome yale majina saba kwa sauti.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuuona mwisho wa baridi hii sote, pasiwe na aliyesahauliwa nyuma ya mlango uliofungwa.